Nani Alimlipia Mwanafunzi Maskini?

Wazee wetu waliosoma chuo kikuu katika miaka ya 1960 na ya 1970 husimulia jambo ambalo vijana wa leo hulisikiliza kama hadithi za sungura na fisi. Wanasema kwamba Serikali ndiyo iliyowalipa ili wasome. Mwanafunzi alipokea fedha mkononi, alilala katika chumba cha chuo, alikula katika ukumbi wa chuo, na basi la chuo lilimpeleka mjini. Fedha hiyo iliitwa bourse, na jina hilo limebaki vinywani mwa watu wa Bukavu hata baada ya kitu chenyewe kutoweka. Leo mtoto wa Kadutu au wa Bagira akipata diploma yake ya Serikali, wazazi hufurahi kwa siku moja. Kesho yake swali linaloketi nao mezani si mtoto atasoma nini, bali nani atalipa minervali.

Tunawaandikia vijana wa parokia, walio katika Xaveri, katika Kiro, katika Skauti, na wasio na chama chochote, historia ya swali hilo. Hatuandiki ili kuililia zamani. Zamani hiyo, kama itakavyoonekana, ilikuwa na mauti ndani yake. Tunaandika kwa sababu katika historia yote ya elimu ya juu nchini mwetu kuna tofauti moja ambayo imefichika, nayo imewagharimu wengi: tofauti kati ya msaada unaotolewa kwa hisani ya mwenye mamlaka na msaada unaodaiwa kwa sheria.

Wafadhili wa kwanza wa masomo ya juu katika Kongo hawakuwa Serikali. Stefano Kaoze, mwana wa nchi ya Tanganyika, aliyepewa daraja takatifu la upadri mwaka 1917, wa kwanza miongoni mwa Wakongo, alisoma falsafa na teolojia katika wakati ambapo hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika koloni lote. Seminari ndiyo iliyokuwa elimu ya juu pekee aliyoweza kuifikia Mkongo. Na seminari ililipiwa na sadaka. Mwaka 1889, katika mji wa Caen nchini Ufaransa, mama mjane aitwaye Stéphanie Bigard na binti yake Jeanne walianzisha Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ili kukusanya fedha za kuwasomesha mapadri wazalendo wa nchi za misioni. Watu wasiojuana, waliotengwa na bahari, walilipiana karo. Jambo hilo ni kubwa, nasi hatulidharau.

Lakini tazama matokeo yake. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, mapadri Wakongo walikuwa mamia, ilhali walei Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika thelathini. Thomas Kanza, mlei wa kwanza kuhitimu katika chuo kikuu cha Ubelgiji, alimaliza Louvain mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Sadaka ilifanya kazi yake ilipoelekezwa. Mahali ambapo haikuelekezwa, mhandisi, hakimu na daktari hawakupatikana, kwa maana utawala wa kikoloni haukutaka kuwalipia. Msaada wa hisani hufuata moyo wa mtoaji; hata moyo ukiwa mwema kiasi gani, hauoni kila mahali.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima cha Kimwenza, karibu na Léopoldville, kikiwa tawi la Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain. Serikali ya kikoloni ilianzisha chake huko Élisabethville mwaka 1956, nao Waprotestanti wakafungua chao Stanleyville mwaka 1963. Hapa Bukavu, katika miaka ya kwanza ya uhuru, ikaanza shule ya kuwafundisha walimu wa sekondari, ambayo leo tunaijua kama ISP. Wanafunzi walikuwa wachache, nchi ilikuwa na kiu ya wasomi, na kumpa kila mmoja posho halikuwa jambo gumu. Hakuna aliyeuliza kama baba yake ni tajiri au ni maskini. Karibu wote walikuwa watoto wa wakulima, wa makarani na wa makatekista, na hivyo kuupima umaskini wa mtu lingekuwa jambo la kuchekesha.

Katika majuma manne ya mwaka 1965 yalitukia mambo matatu ambayo hayakupangwa pamoja, lakini kwetu sisi yanafaa kusomwa pamoja. Tarehe 28 Oktoba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko lake juu ya malezi ya Kikristo, liitwalo Gravissimum Educationis. Humo Mababa walitaka vijana wenye akili njema wafunguliwe kwa urahisi milango ya masomo ya juu hata kama ni maskini, nao waliwataja hasa wale wa mataifa yaliyokuwa yanazaliwa. Tunatamani kila mmoja wenu alisome tamko hilo, kwa kuwa ni nadra kusikia likitajwa mimbarini. Tarehe 8 Novemba, huko Marekani, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Elimu ya Juu, ambayo iliifanya Serikali ya taifa iwasaidie wanafunzi kwa kupima uhitaji wa familia zao. Kutoka katika sheria hiyo, mwaka 1972, ukazaliwa ufadhili ambao baadaye uliitwa kwa jina la Seneta Claiborne Pell. Na tarehe 24 Novemba, Kinshasa, Jenerali Mobutu alitwaa madaraka.

Mtaguso ulitamka, bunge la mbali likatunga sheria, na kwetu alikuja mtu mmoja ambaye neno lake ndilo lililokuwa sheria.

Mwaka 1967 faranga ya Kongo ilibadilishwa, na sarafu mpya, zaïre, ikaingia. Thamani ya fedha ilishushwa, bei za sokoni zikapanda, ilhali posho ya mwanafunzi haikupanda kwa kadiri hiyo. Wanafunzi walidai ongezeko. Walidai pia kushirikishwa katika uongozi wa vyuo. Umoja wao wa taifa, UGEC, ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku, hivyo hapakuwa na meza ya kukaa pamoja. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliingia mjini Kinshasa kwa maandamano. Askari waliwafyatulia risasi. Serikali ilitaja wafu wachache; wenzao waliobaki hai walisema kwamba waliokufa ni wengi zaidi, na kwamba maiti hazikurudishwa kwa mama zao.

Tunawaomba msipite haraka hapo. Vijana hao hawakupinga dini wala mila, wala hawakubeba bunduki. Miongoni mwa madai yao kulikuwamo fedha ya chakula na ya vitabu. Wangekuwa na sheria iliyosema posho ni kiasi fulani, na kwamba itapandishwa bei zikipanda, wangekwenda mahakamani, au wangepeleka barua kwa mbunge, au kwa uchache wangekuwa na karatasi ya kuonyesha. Hawakuwa nayo. Walikuwa na ahadi tu, na mtu mwenye ahadi mkononi hana pa kwenda isipokuwa barabarani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium walitaka kuwakumbuka ndugu zao hao. Jeshi lilizingira kilima. Chuo kilifungwa, na wanafunzi wakaandikishwa jeshini kwa nguvu, wakanyolewa na kuvalishwa sare. Katika siku hizo Padri Christophe Munzihirwa, Myesuiti, mzaliwa wa Walungu, alikuwa karibu na wanafunzi hao jijini Kinshasa. Yeye mwenyewe aliomba aandikishwe jeshini pamoja nao. Wakaaji wa Bukavu wanamjua kama askofu mkuu wao aliyeuawa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, na kila mwaka tunamkumbuka kwa ajili ya maneno yake juu ya wakimbizi na juu ya vita. Sisi tunaona kwamba ule uamuzi wake wa mwaka 1971 nao ungefaa kufundishwa kwa vijana: padri aliyepita umri wa miaka arobaini, anasimama katika mstari wa makuruta kwa sababu wanafunzi wake wamo mstarini.

Mwezi Agosti mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, chini ya Monsinyori Tharcisse Tshibangu kama mkuu wake. Vyuo vya ualimu, pamoja na ISP yetu, viliingizwa humo. Lovanium ya Kikatoliki ikakoma kuwa ya Kikatoliki. Posho iliendelea, na wazee wanaosifu siku za bourse mara nyingi husifu miaka hiyo ya UNAZA. Ilikuwa posho ya Serikali katika chuo cha Serikali, chini ya chama kimoja. Kilichotolewa na mkono mmoja kiliweza kurudishwa na mkono uleule.

Na kilirudishwa. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, deni la taifa likaongezeka, na katika miaka ya 1980 Serikali ikabana matumizi kwa masharti ya wakopeshaji wa nje. Posho ilichelewa, ikapungua, ikawa ya wachache, kisha ikawa kumbukumbu. Mabasi yaliharibika, kumbi za kulia zikafungwa, vyumba vilivyojengwa kwa watu wawili vikalala watu wanane. Mwaka 1981 UNAZA iligawanywa tena kuwa vyuo vitatu, lakini mgawanyo huo haukuleta fedha. Kisha ikaja miaka ya 1990. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1993 ilitolewa noti mpya, ambayo moja yake ilikuwa sawa na zaïre milioni tatu za kale. Na mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Hata kama mwanafunzi angelipwa, fedha aliyoipokea asubuhi isingetosha kununua mkate jioni.

Hapo ndipo mzigo uliposhuka kutoka kwa Serikali hadi mabegani mwa wazazi, na ni lazima tueleze vizuri jinsi ulivyoshuka, kwa kuwa Kanisa lilikuwamo. Tangu tarehe 26 Februari 1977 Kanisa lilikuwa na mapatano na Serikali ya kuendesha shule zake, baada ya shule hizo kutaifishwa mwaka 1974. Serikali ilikuwa na wajibu wa kulipa walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 haikuwalipa, walimu wakagoma kwa muda mrefu, na watoto wakakaa nyumbani. Maaskofu na vyama vya wazazi wakakubaliana kwamba, ili shule zifunguliwe, wazazi wachangie mshahara wa mwalimu. Mpango huo ulikuwa wa muda. Ndio uliozaa primu, na katika shule za msingi huo muda ulidumu zaidi ya miaka ishirini na mitano, hadi mwaka 2019, Serikali ilipotangaza kwamba itatekeleza elimu ya msingi bila malipo. Vyuo vikuu vilifuata njia hiyohiyo: ada ya mwanafunzi ikawa ndiyo mshahara wa profesa, karatasi ya mtihani na mafuta ya jenereta.

Hatuwalaumu walioamua hivyo. Mtu akizama hamwulizi anayemrushia kamba kama kamba ni ya katani au ya nailoni. Lakini katika mpango huo wote hakuna aliyeandika neno juu ya mtoto ambaye mzazi wake hana cha kuchangia. Primu ilikuwa moja kwa wote. Mama anayebeba mizigo mgongoni kutoka bandarini hadi Kadutu alidaiwa sawa na mfanyabiashara mwenye ghala. Na ilikuwa hivyo katika vyuo pia. Mwaka 1989 Serikali ilikuwa imeruhusu vyuo vikuu vya watu binafsi, na maaskofu wa kanda yetu ya kikanisa wakaanzisha mwaka huohuo Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, vingine vikafuata. Vimewasomesha vijana ambao vinginevyo wangelazimika kwenda Kinshasa au Kisangani, safari isiyowezekana wakati wa vita. Navyo pia huishi kwa ada. Chuo cha Kanisa kisichopewa fedha na Serikali hakina namna nyingine ya kulipa walimu, hata kama kinatamani kumpokea kila maskini mwenye akili.

Katika muda huohuo majirani zetu walipitia jambo linalofanana na letu, lakini walichukua njia nyingine, na ni vema kuitazama bila wivu na bila kuisifu kupita kiasi.

Tanzania nayo ilikuwa ikiwalipia wanafunzi wote tangu uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilianza sera ya kuchangia gharama, kwa maana hazina haikuweza tena. Hata hivyo bunge lake lilitunga Sheria namba 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi mwezi wa Julai mwaka 2005. Mwombaji huonyesha hati za uhitaji wake: cheti cha kifo cha mzazi ikiwa ni yatima, uthibitisho wa ulemavu, au ushahidi kwamba kaya yake inasaidiwa na mfuko wa kaya maskini. Fedha ya kujikimu inapoingia, wanafunzi wa Dar es Salaam huiita bumu, na siku hiyo hata muuza chipsi wa nje ya chuo hutambua. Kisha wakati wa kulipa hufika. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na manung'uniko yalikuwa mengi. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni ili kulinda thamani yake. Ni sheria ileile iliyowapa wahitimu msingi wa kulalamika, na kwa sehemu walisikilizwa.

Kenya ilikuwa na mikopo tangu miaka ya 1970, lakini wengi hawakurudisha, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kudai. Sheria ya mwaka 1995 iliunda bodi yenye uwezo wa kudai kupitia mwajiri. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilileta mfumo mpya, uliowagawa wanafunzi katika makundi kwa kupima uwezo wa familia, na aliye maskini zaidi apate zaidi. Wazo lilikuwa jema. Upimaji ukazua kilio. Familia za wafanyakazi wa vibarua zilijikuta zimewekwa katika kundi la wenye nacho. Watu walikwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo ulikwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mabishano yakaendelea. Tuyaangalie mabishano hayo kwa jicho jema. Mwanafunzi wa Nairobi aliyeonewa na daraja la umaskini alikuwa na hakimu wa kumwendea. Wale wa Kinshasa mwaka 1969 walikuwa na barabara.

Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2014. Rwanda, ambayo tunaiona kwa macho yetu tukisimama kando ya Ruzizi, ilitunga yake mwaka 2015, na kabla ya hapo iligawa ufadhili kwa kufuata makundi ya ubudehe, yaani wakaaji wa mtaa wenyewe hukutana na kusema kila kaya iko katika ngazi gani ya umaskini. Huko pia wapo walioumia: mwaka 2013 wanafunzi wengi walipinga kwamba familia zao zimewekwa mahali pasipo pao.

Na Kongo? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na haina malipo. Kwa elimu ya juu haiahidi hivyo. Wengi husoma hadi hapo na kufunga kitabu, wakiamini kwamba mwanafunzi maskini wa chuo kikuu hana andiko la kushika. Lakini analo, nalo ni la zamani kuliko Katiba yenyewe. Tarehe 1 Novemba 1976, Zaire ilijiunga na Mapatano ya Kimataifa ya mwaka 1966 juu ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Kifungu cha 13 cha mapatano hayo kinazitaka nchi zifanye elimu ya juu ifikiwe na wote kwa usawa kadiri ya uwezo wa kila mtu kiakili, zipunguze malipo hatua kwa hatua hadi yaishe, na ziweke utaratibu wa kutosha wa ufadhili wa wanafunzi. Na Katiba yetu, kifungu cha 215, inayapa mapatano yaliyopokelewa na kutangazwa kwa halali nguvu kuliko sheria za nchi.

Inashangaza, na pengine inachekesha, kwamba aliyetia nchi katika wajibu huo ni utawala uleule uliowapiga risasi waliodai posho.

Basi kinachokosekana si ahadi. Kinachokosekana ni kile walichokifanya majirani: sheria inayosema nani anastahili, kiasi gani, kutoka katika mfuko upi, nani anapima, na mwombaji aliyekataliwa aende wapi. Bila hayo, ahadi ya mwaka 1976 ni kama cheki isiyo na benki. Na tangu mwanzoni mwa mwaka 2025, benki za mji wetu zilipofunga milango, tunajua sote maana ya cheki ya namna hiyo.

Katika pengo hilo wameingia wafadhili wa kila aina. Mjomba aliye Ulaya. Likelemba ya akina mama sokoni, ambamo zamu ya mama mmoja huangukia mwezi wa minervali. Shirika la mtaa linalopitisha kikapu baada ya sala. Mapadri na masista ambao mishahara yao midogo imesomesha watoto wasio wa ndugu zao, wala hawatatajwa popote. Na yuko pia mwanasiasa anayelipia wanafunzi hamsini katika mwaka wa uchaguzi na kuwasahau katika mwaka unaofuata, wakiwa wamebakiza mwaka mmoja wamalize. Huyo wa mwisho anatuonyesha waziwazi hatari ya hisani: kijana anasomeshwa, na kabla hajapata shahada amekwisha kuwa na bwana.

Tukiomba sheria, ni lazima tujue sheria ya namna gani. Mkopo unaokatwa katika mshahara unafaa nchi yenye watu wengi wa mshahara. Hapa kwetu watu wengi hula kutoka ziwani, shambani na sokoni, na mhitimu mwenyewe mara nyingi huishia kuuza vocha za simu akingoja kazi. Deni la namna hiyo lingemfuata kijana bila kumpata, na mfuko ungekauka kama ulivyokauka wa Kenya kabla ya mwaka 1995. Sisi tunaona kwamba mahali pa kuanzia ni ruzuku isiyorudishwa, kwa wachache, iliyoandikwa katika bajeti kwa jina lake, na kuhakikishwa mpaka mwaka wa mwisho wa masomo. Afadhali kijana mmoja afike mwisho kuliko watano waachwe njiani.

Kisha linabaki lile swali gumu kuliko yote: nani ni maskini? Katika mji ambao karibu kila nyumba imepoteza kitu kwa vita, kwa moto au kwa maporomoko ya udongo, kila mmoja anaweza kusema, ni mimi. Hatuna karatasi za mshahara, na vyeti vya kuzaliwa vyenyewe ni vichache. Wako wanaosema kazi hiyo ipewe shirika, kwa kuwa shirika linajua nyumba ipi haikuwasha moto jana. Ni kweli linajua. Lakini linajua pia nani aligombana na nani, nani ni shemeji ya kiongozi, na nani anasali kwingine. Tumeyaona ya ubudehe ng'ambo ya mto. Kwa maoni yetu, jirani atoe ushahidi, asitoe hukumu. Na ushahidi wake usisomwe hadharani, maana kumwita kijana mbele ya kusanyiko ili athibitishe umaskini wake ni kumvua nguo kwa kisingizio cha kumvika.

Jambo hili haliko mbali nanyi kama linavyoonekana. Katiba imeweka uanzishaji wa vyuo vikuu miongoni mwa mambo ambayo Serikali kuu na majimbo hushiriki pamoja, na bunge la jimbo lina uwezo wa kutunga sheria zake, zinazoitwa edikti. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongo, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, ombi ambalo linapaswa kujibiwa. Ombi la namna hiyo huhitaji karatasi, majina na hesabu. Majina mnayo. Hesabu zinaweza kuanza katika parokia zenu: ni wangapi waliopata diploma mwaka uliopita, ni wangapi walioingia chuoni, ni wangapi walioacha katikati, na kila mmoja aliachia mwaka wa ngapi.